Dawa Alizoacha Rispa

Hansa alinipigia simu asubuhi nikiwa naanika nguo huku Kinoo. Akasema, "Penina, Mama amekwenda." Nikaacha shuka nusu iko kwenye kamba na nusu iko kwenye beseni, nikaketi kwenye kiti cha nje. Mjukuu wangu Sharon akatoka ndani akiuliza, "Shosho, ni nani?" Nikamwambia amefariki Mama Hansa, mke wa Bwana Kanti mwenye duka la dawa nililofanyia kazi nikiwa msichana. Sharon akanipeleka Parklands siku hiyo hiyo. Tulivua viatu mlangoni, tukaketi na akina mama waliovaa nyeupe juu ya mashuka meupe, na baadaye tukapewa wali na dengu na mtindi. Hansa mwenyewe sasa ana mvi, na mimi nilimbeba mgongoni. Akaja akaketi karibu yangu, akaniambia polepole, "Siku zile za mwisho Mama hakuwa anatujua. Lakini alikuwa anauliza, Rispa ameingiza chupa? Mvua inakuja, Rispa ameingiza chupa?" Sharon akaniangalia. "Rispa ni nani?" Nikamjibu ni mama mmoja tuliyefanya naye kazi, basi. Watu walikuwa wengi, na msiba ulikuwa wa wenyewe. Lakini tangu siku hiyo Rispa hajanitoka, na mimi niliyeishia darasa la tatu nimeamua kumwandika kama ninavyoweza.

Duka la Bwana Kanti lilikuwa chini, wenyewe wakiishi juu. Mbele kulikuwa na kabati za mbao mpaka darini na kengele ndogo mlangoni. Sisi tulikuwa nyuma. Nyuma ni ua wa saruji wenye bomba moja, jiko la makaa, sufuria nyeusi ambayo mtoto angeweza kuogea, na ubao mrefu wa vijiti ambapo chupa zilisimama kichwa chini zikikauka. Siku zile mtu alikuja kununua dawa na chupa yake mkononi, kama unavyokwenda kununua maziwa. Dawa ya kikohozi, dawa ya tumbo, hata vidonge, vyote viliingia kwenye chupa ya kioo, na dawa ikiisha chupa inarudi. Kazi yetu ilikuwa kuzipokea, kubandua karatasi, kuosha na kuchemsha. Mimi nilikuwa sijafika miaka ishirini, nimetoka Maragoli juzi tu, sijui hata kufungua bomba bila kujimwagia maji. Rispa Kavaya ndiye aliyenifundisha. Alikuwa mjane, mnene wa mikono na mwembamba wa miguu, na kabla chupa haijaguswa na maji alikuwa lazima ainuse. "Hii ilikuwa na mafuta ya taa, weka kando." "Hii mwenyewe alitia mafuta ya nywele, mwanamke hana haya." Siku moja alinusa moja kubwa, akafumba macho, akanusa tena. "Penina, hii ni ya yule mzee wa kona, yule mwenye kikohozi kisichopona. Sasa nimejua kwa nini hakiponi. Njoo unuse, uleweshwe bure."

Saa sita tulipika ugali kwenye jiko lile lile, tukishaondoa sufuria ya chupa. Mama Hansa alikuwa anatuteremshia chapati zake nyembamba na dengu, na achari ya maembe ambayo Rispa alisema imetengenezwa ili tusifike mwisho wa mwezi. Na yeye Rispa alimpandishia mrenda, ile mboga yetu ya majani inayoteleza. Mama Hansa aliuonja amesimama ngazini, sisi tukimtazama kinywa, akasema, "Ni bamia tu hii, imepikwa na mtu mwenye hasira." Rispa alicheka mpaka akashika ukuta. Ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza akishika ukuta. Alishika muda mrefu kuliko kicheko. Nikamuuliza, "Dada, ni nini?" Akasema moyo wake umekuwa mkubwa kuliko nyumba yake, ndivyo daktari alivyomwambia, na Bwana Kanti anampa vidonge bila kumtoza. Akanitolea chupa ndogo ya kahawia kutoka kifuani. Vidonge vyenyewe vilikuwa vyeupe, vidogo sana, unaweza kukipoteza kimoja kwenye mkunjo wa kiganja. "Hiki kinashika moyo," akasema, "kama unavyomshika punda. Kimoja asubuhi. Ukivuta sana, punda anaanguka."

Sasa nieleze jambo la dawa za marehemu, maana hapo ndipo yote yalipoanzia. Pale ua ulipoungana na duka kulikuwa na kidirisha cha kupitishia chupa, na kupitia kidirisha hicho tulisikia kila neno la mbele. Wakati mwingine kengele ililia, na badala ya mazungumzo ya kawaida kukawa kimya kidogo. Halafu sauti ya mtu akimwita kaka kwa lugha yao, "Kantibhai, hizi ni za Baba." Walikuwa ni watu waliofiwa. Katika mtaa ule, familia za Wahindi wenzake Bwana Kanti zilikuwa zimezoea kwamba mtu akifa, siku za matanga zikiisha, dawa zilizobaki kando ya kitanda chake zinakusanywa na kurudishwa dukani. Bwana Kanti alizipokea kwa mikono miwili. Hakuziuza, hakumpa mtu. Alizileta nyuma, akamimina vidonge ndani ya pipa la chuma lililokaa pembeni ya ua, na chupa tukapewa sisi. Pipa likikaribia kujaa, alivua koti, akachanganya chokaa na saruji na maji, akamimina juu yake mwenyewe, yeye mtu wa shati jeupe, mpaka likawa jiwe. Lori lilikuja likalichukua kwenda kulizika kwenye machimbo ya zamani, mbali na maji.

Rispa alimuuliza siku moja. Mimi nilikuwepo nikisugua chupa, na Kiswahili cha Bwana Kanti bado nakisikia. "Bwana Kanti, hizi bado ni nzuri. Si umpe mgonjwa mwingine?" Akajibu, "Mama, hii imekaa wapi? Kwa jua? Kwa jikoni? Mimi najua? Na mtu nyingine iko na ugonjwa nyingine." Rispa akasema, "Basi mwaga kwa mtaro hapo, uache kujichosha na saruji." Bwana Kanti akaelekeza kidole kwenye mtaro wa ua wetu. "Hii inakwenda wapi?" Rispa akasema mtoni. "Na mtoni nani anaosha sukuma?" Rispa akacheka. "Ni mimi, Bwana Kanti. Na shemeji zangu wote." Kila Jumamosi alikuwa anatoka kwenye shamba lake dogo la ukingoni mwa mto, huko chini ya Kangemi, na furushi la mboga.

Juzi nilikwenda na Sharon kuchukua dawa yangu ya presha kwenye duka moja pale Adams Arcade. Duka zuri, linang'aa, baridi yake kama ya mochari. Nilikuwa na mfuko wa vidonge vya zamani ambavyo daktari alinibadilishia, nikauliza kama wanavipokea. Binti wa kaunta hakuwa na kiburi, simlaumu. Aliniambia, "Shosho, we funga tu na gazeti utupe kwa taka." Nikamuuliza, "Na taka inaenda wapi?" Akamwangalia Sharon kama mtu anayeomba msaada. Sharon akaninong'oneza, "Shosho, achana naye, kuna watu kwa laini." Nikatoka na mfuko wangu. Barabarani nilikuwa nawaza hili: sisi tuliokuwa tunabandua karatasi kwa kucha hatukujua kwamba tunafanya jambo lenye maana yoyote. Tulidhani ni kazi tu, na kwamba itakuwepo siku zote.

Mwaka ule ulipokuwa unaelekea mwisho, Rispa alitaka kwenda nyumbani kukaa muda mrefu, avune, aone watoto wa dada yake. Bwana Kanti akamtilia vidonge vya miezi kadhaa, chupa mbili zimejaa, ili asikatishe. Chupa zenyewe Rispa alizichagua kwenye ubao, akaziosha, akazinusa, akasema, "Hizi ni za kwangu, hazina historia." Hakusafiri. Alianguka kwenye mlango wa chumba chake Kangemi akiwa ameshika kufuli. Jirani yake Jerusa ndiye aliyemkuta. Tulimsindikiza mpaka gari lilipoondoka na jeneza, na Bwana Kanti alilipa gari hilo, na Mama Hansa alisimama kando ya barabara amefunika kichwa, Hansa mdogo akimvuta nguo. Wakaenda wakamzika kwao. Mimi nikabaki, maana chupa hazikuwa na mtu.

Baada ya mazishi, dada yake mdogo Mideva akaja Nairobi kuondoa vitu, kwa sababu chumba kilikuwa cha kupanga. Na sisi kwetu vitu vya marehemu havichukuliwi na mtu mmoja akaenda navyo kimya kimya. Watu wanaketi, vitu vinatolewa nje mchana kweupe, na kila aliyeishi na marehemu vizuri anapewa kitu cha kumkumbukia. Mwingine kitambaa, mwingine kigoda. Kumnyima mtu ni kumwambia hukumpenda. Siku hiyo mimi nilikuwa kazini. Nilipofika jioni, jua bado liko juu ya paa, walikuwa wamemaliza. Mideva alikuwa ameshaondoka kwenda kupanda treni. Jerusa ndiye aliyekuwa amebaki anafagia, akaniletea sufuria ya Rispa, ile ndogo yenye mpini mmoja. "Hii ndiyo yako. Mideva amesema Penina lazima apate sufuria, mmekula wote." Nikaipokea, nikalia kidogo. Halafu Jerusa, ili kunifurahisha, akasema, "Na mimi usinione hivi, nimepata kitu kikubwa. Nimepata dawa."

Nikamuuliza dawa gani. Akaingia kwake akatoka na chupa ya kahawia. "Si unajua nina kifua? Na Mideva amechukua ile nyingine. Naye moyo wake unamwenda mbio tangu msiba. Tumesema, hii dawa Muhindi alimpa Rispa kwa upendo, haiwezi kupotea bure." Nakwambia, nilihisi baridi kwenye meno. Nikasema, "Jerusa, nipe hiyo chupa, inarudi dukani." Akaificha nyuma ya mgongo. "Eh! Wewe umepata sufuria, mimi nimepata dawa. Sasa unataka vyote?"

"Sitaki. Ni hatari."

"Hatari? Rispa alikula kila asubuhi mbele yangu akiomba Mungu. Ingekuwa hatari wangempa?"

"Ilikuwa yake, Jerusa. Moyo wake."

"Na sufuria ilikuwa ya nani? Ya mama yako?" Watu wakaanza kutoka vyumbani. Mmoja akasema wasichana wa kwa Wahindi wamekuwa wajanja, wanatumwa kurudisha mali. Sikuweza kumnyang'anya, alikuwa mama wa watu, na mimi nilikuwa mtoto. Nikambembeleza asinywe mpaka kesho. Akasema yeye hanywi ovyo, anaiweka kwa ajili ya siku mbaya.

Asubuhi nilimkuta Bwana Kanti anafungua mlango wa mbele. Nikamwambia yote. Alikuwa ameshika komeo moja mkononi, akalirudisha mahali pake, akafunga duka ambalo sikuwahi kuliona limefungwa siku ya kazi. Mama Hansa akaita kutoka juu, mumewe akamjibu neno moja kwa lugha yao. Tukaingia kwenye gari lake. Kwanza tulipita posta, akatuma telegramu kwa Elam, mume wa Mideva, kwa jina la soko la karibu na kwao, ndiyo anwani niliyoijua: wasinywe dawa, wairudishe. Halafu tukaenda Kangemi. Bwana Kanti alikuwa hajawahi kufika huko. Wanawake waliokuwa bombani wakaacha ndoo zikafurika. Jerusa alisimama mlangoni mwake mikono kiunoni, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Amekuja mwenyewe! Muhindi amekuja kumdai maiti!" Watu wakacheka. Bwana Kanti hakukasirika. Akaunganisha viganja vyake mbele ya kifua kama anavyosalimia wazee wao, akasema, "Mama, mimi naomba. Mimi ndiyo iko na makosa. Mimi naomba tu." Sijui ni nini kilichomwingia Jerusa. Aliangalia ile mikono, akaingia ndani, akatoka na chupa. Ilikuwa imejaa mpaka shingoni. Hakuwa amekula hata kimoja.

Ndani ya gari, wakati wa kurudi, Bwana Kanti aliniuliza jambo moja tu. "Penina, mimi nimeambia watu wote wa Parklands. Kila mtu. Rispa, mimi nimeambia?" Nikakumbuka siku ile ya mtaro na mboga. Nikasema, "Ulimwambia kwa nini hugawi. Hukumwambia arudishe." Alikuwa amedhani kwamba mtu anayeosha chupa za marehemu kila wiki anajua, na kwamba akijua yeye basi nyumba yake yote inajua. Na sisi tulidhani ni desturi ya kwao, kama nguo nyeupe za matanga, haituhusu. Miaka yote hii nimetafuta mahali pa kuilaza lawama na sijapapata. Kila mmoja alifanya alichofundishwa na wazazi wake, tena kwa heshima.

Tulingoja. Kila kengele ilipolia nilichungulia kwenye kidirisha. Mama Hansa alikuwa anashuka na chai bila kuitwa, anaketi kwenye kigoda cha Rispa. Bwana Kanti alianza kuniweka mbele, kaunta, kila akija mtu wa kwetu nimwambie kwa maneno anayoyaelewa: dawa hii ni yako peke yako, ikibaki irudishe, na ukiondoka wewe, watu wako warudishe. Watu walinicheka. Mmoja aliniuliza, "Dada, unaniuzia dawa ama unanizika?" Niliendelea kusema. Lakini hata nikisema, akili yangu ilikuwa kwenye treni.

Elam alikuja mvua zikiwa zimeshaanza. Nilimjua kabla hajajitaja, maana alisimama mlangoni na kofia mkononi akiogopa kukanyaga sakafu na matope. Nikatoka mbele, nikamsalimu kwa Kimaragoli, nikamleta mpaka ua wa nyuma, nikampa kiti. Bwana Kanti akaja, akabaki amesimama. Elam alikuwa mtu wa shamba, Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na cha Bwana Kanti kilikuwa kile ulichokisikia, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nabeba maneno kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Elam akasema, "Karatasi yenu ilifika. Tulikuwa tumeshachimba kaburi." Nikaibeba hiyo. Bwana Kanti akashika ukingo wa bomba.

Elam akaeleza taratibu, kama mtu aliyeyasema mara nyingi kwa watu wengi. Mideva alikula kimoja akiwa kwenye treni, moyo ukatulia, akafurahi. Nyumbani, kila moyo ulipomwenda mbio alikula kingine. Alisema dada yake anamsaidia kutoka kule aliko. Kisha akawa hawezi kula, anatapika. Kisha akasema vitu vimebadilika rangi, ukuta una manjano, nguo za watoto zina manjano, hata ugali. Walidhani ni homa ya nyongo, wakamchemshia majani. Niliposema hilo la manjano kwa Kiswahili, Bwana Kanti alifumba macho, nikajua kwamba hapo amepata jibu alilokuwa akilikimbia: vidonge vile vikizidi, mtu huona manjano.

Elam akatoa chupa kutoka ndani ya leso. Imebaki nusu. Akasema watu wa nyumbani walitaka kuigawa tena siku ya vitu vya Mideva, kuna shangazi mmoja aliitaka sana, yeye akakataa wakamwita mchoyo. Akaiweka juu ya jiko lililozimika. Halafu akaniambia, "Muulize. Dawa ilikuwa mbaya?"

Nikamuuliza. Bwana Kanti akasema, "Dawa ilikuwa nzuri. Haikuwa yake." Nikaigeuza kwa Kimaragoli, nikaisema mbele ya uso wa Elam, na mvua ilikuwa inapiga mabati. Elam akaitikia kwa kichwa. Hakuwa na ukali wowote. Akaiangalia ile chupa, akaliangalia lile pipa, akaiangalia ile misururu ya chupa zilizosimama kichwa chini, akasema, "Sasa muulize kwa nini hakuna mtu aliyetuambia."

Nikamuuliza hilo pia. Bwana Kanti akaichukua ile chupa juu ya jiko, kwa mikono miwili. Mimi nikabaki nimesimama katikati yao, nikingoja neno la kumpelekea Elam.